Uzee wa Haraka wa Bwana Sungura

Zamani wanyama walikuwa na serikali, serikali ilikuwa na watumishi, na watumishi, kama ilivyo desturi yao, walikuwa wamechoka. Aliyechoka kuliko wote, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Sungura.

Sungura alikuwa tarishi wa Mfalme Simba. Mwaka huo mvua zilikatika, mito ikabaki mchanga mtupu, na nchi nzima ikawa inakunywa kwenye bwawa moja. Simba akawa anatoa amri mpya kila anapopiga miayo: leo nyati wanywe kabla ya swala, kesho swala wanywe kabla ya nyati. Kila amri ilihitaji miguu ya kuipeleka, na miguu ilikuwa ya Sungura. Alikimbia juani kutwa, na wakubwa walimngoja kivulini wapate kumwambia kwamba amechelewa.

Basi akaanza kuwatazama wastaafu kwa jicho la husuda. Mstaafu wa serikali ya Simba hakupanga foleni. Alikunywa asubuhi, maji yakiwa bado hayajavurugwa na kwato, na kila mwezi ulipoandama ghala lilimpa viazi, karanga na nyama kavu, mpaka siku ya kufa kwake. Hiyo ndiyo iliyoitwa pensheni.

Kikwazo kilikuwa umri. Wanyama hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Walipima umri kwa matukio, na tukio kubwa lilikuwa Mwaka wa Nzige. Aliyeuona mwaka ule alihesabiwa mzee, akastaafu kwa heshima na pensheni kamili. Aliyetaka kuondoka kabla ya uzee alipewa konzi ya karanga na kutakiwa safari njema. Ushahidi wenyewe ulikuwa rahisi: mnyama mmoja aliyekuwepo mwaka ule aape kwamba nawe ulikuwepo. Sungura hakuwa na mvi hata moja, lakini hakuwa na subira ya kuzingoja.

Akamwendea Fisi, mlinzi wa ghala la pensheni. Kumpa Fisi ghala la nyama alilinde lilikuwa wazo la Simba mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyelicheka hadharani.

"Ndugu yangu Fisi," akasema Sungura, "wewe uliuona Mwaka wa Nzige?"

"Sikuuona."

"Pole sana. Ungeuona ungekuwa shahidi wangu. Na kwa kuwa mimi sili nyama, nyama yangu yote ya pensheni ingekuwa yako."

Fisi akameza mate. "Hebu ngoja nikumbuke. Nzige wale wenye mabawa?"

"Hao hao."

"Niliwaona! Nilikuwa mchanga, mgongoni kwa mama."

Siku ya baraza Sungura alifika akiegemea mkongojo, amejipaka majivu masharubuni, anakohoa kila hatua. Fisi akala kiapo bila kupepesa macho. Simba akamtazama tarishi wake kwa mashaka.

"Si wewe niliyekutuma juzi ng'ambo ya mlima, ukarudi sijamaliza kula?"

"Hiyo ndiyo safari iliyonimaliza, Mtukufu."

Hapo angenyamaza, mambo yangekwisha salama. Lakini mwongo akishaaminiwa hupata hamu ya kutia chumvi. Sungura akaendelea, "Nzige walipomaliza majani, maji nayo yalikauka. Ni mimi niliyemchotea babu yako maji kwenye chemchemi iliyojificha majabalini. Akanywa, akanguruma, vilima vikatetemeka."

Simba alipenda sana kusikia habari za ukoo wake. Manyoya ya shingo yakamsimama. "Vilitetemeka?"

"Kimoja mpaka leo kimekaa upande, Mtukufu."

Pensheni ikapita palepale.

Yakaanza maisha matamu. Sungura alikunywa maji ya asubuhi, akalala chini ya mgunga mguu juu ya mguu, akawa anawashangaa vijana wa siku hizi wasiopenda kazi. Hata Tembo, bibi mwenye wajukuu, alimwamkia, "Shikamoo, Mzee Sungura," naye akaitikia "Marahaba" bila kuona haya. Mwezi ukiandama Fisi alibeba nyama yake, akamshukuru Mungu kwa baraka za uzee.

Kisha bwawa likakauka. Asubuhi moja wanyama walikuta matope yamepasuka, na ndama wa nyati wamelala hapo wakiyalamba. Ilikuwa huzuni kubwa. Wenye maziwa hawakuwa na maziwa tena. Tembo alinusa matope, akasema chini yake kuna unyevu, lakini Simba alikuwa na jibu lake. Simba akaitisha mkutano, na akasimama mbele yao kwa utulivu wa mfalme.

"Msiogope," alisema. "Tunaye Mzee Sungura."

Umati wote ukageuka. Sungura akashusha mguu mmoja kutoka juu ya mwingine.

"Mzee," akasema Simba, "chemchemi ya babu yangu iko wapi?"

"Mtukufu, ni miaka mingi, na kichwa hiki..."

"Kichwa hicho ndicho ninachokilipia pensheni. Tuongoze."

Akawaongoza. Wakachimba kwenye jabali moja, wakapata vumbi. Wakachimba kwenye jingine, wakapata vumbi jekundu. Sungura akasema majabali ya siku hizi yamehama. Simba akamgeukia Fisi, akamwuliza naye alikumbuka nini.

"Mimi nilikuwa mgongoni, Mtukufu, natazama nyuma," Fisi akajibu. "Mwenye kibuyu alikuwa yeye."

Kiu ilikuwa imemkausha Simba koo. "Sikilizeni," akasema. "Jua likizama bila maji, nitajua mzee huyu anaificha chemchemi ya ukoo wangu. Nami nitamla, yeye na uzee wake."

Sungura akakohoa, na safari hii hakuwa akiigiza. Akiendelea kuwa mzee, ni msaliti. Akikiri ujana, ni mwongo. Kila njia ilielekea mdomoni mwa Simba, na jua lilikuwa linashuka.

Wakati huo mama yake Sungura akatokea. Alikuwa mjane aliyekaa kwa dada yake nyuma ya vilima, bado anajipaka mafuta masikioni, na alikuwa amesikia tu kwamba mwanawe amepumzishwa kazi. Akaona umati, akamwuliza Tembo kuna nini.

"Analiwa mzee wa Mwaka wa Nzige," Tembo akamwambia.

Mama akapenya mpaka mbele. "Mzee gani? Huyu? Huyu ni kitindamimba wangu!"

"Mama, nyamaza," Sungura akanong'ona.

"Ninyamaze? Mwaka wa Nzige mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa! Wewe ukiwa wa mwaka ule, mimi mamako ni wa mwaka gani? Unanizeesha mbele za watu kwa ajili ya viazi?" Akamgeukia Tembo. "Dada, si wewe uliyenikinga mvua siku ninamzaa, juzijuzi tu hapa?"

"Ni kweli," akasema Tembo.

"Nawe mbona unamwamkia?" Simba akanguruma.

"Mfalme akishasema ni mzee, Mtukufu, mimi ni nani nisimwamkie?"

Wanyama wakaziba midomo, maana kucheka kulikuwa hatari. Fisi peke yake hakuona hatari yoyote; aliona pensheni isiyo na mwenyewe. Akajipenyeza mbele.

"Mtukufu, mwongo huyu akiondolewa, fungu lake lije kwangu. Mimi nzige niliwaona kweli."

"Kwa macho yako?"

"Naapa!"

"Vizuri. Basi wewe utuoneshe chemchemi."

Fisi akaanza kurudi kinyumenyume.

Simba alitamani kuwala wote wawili papo hapo. Lakini angewala kwa kosa gani, bila kutangaza kwamba mfalme alidanganywa na sungura na fisi? Akajitikisa manyoya, akatazama juu ya vichwa vya umati.

"Mimi sijadanganywa," alisema. "Nilimpa tarishi wangu likizo, na likizo imekwisha. Tembo alinusa unyevu chini ya bwawa; turudi huko. Hawa wawili ni vijana wenye nguvu, wachimbe."

Wakachimba. Fisi alilia njaa, Sungura akavunjika kucha, na kila walipotaka kupumzika Simba alikuwa ukingoni anatazama. Mama Sungura aliketi karibu naye, akimweleza kila aliyepita kwamba yule ni mwanawe, bado mtoto mdogo kabisa. Mwishowe maji yakatoka, machafu lakini maji, na ndama wakanywa kwanza.

Sungura akachomoza kichwa shimoni, tope mpaka masikioni.

"Mtukufu," akauliza kwa unyenyekevu, "na ile pensheni yangu?"

"Zeeka kwanza," akasema Simba, na kumtuma ng'ambo ya mlima.

Waliosikia wakarudi makwao na neno moja: njia ya mwongo ni fupi.