Ndama wa Bibi Sekela na Namba Mbili za Simu

Hapo zamani, na nikisema zamani sisemi enzi za mababu, nasema miaka hii hii ambayo hata bibi wa shambani ana simu kwenye fundo la kanga, palikuwa na daktari wa mifugo pale Tukuyu, jina lake Subilaga Mwakatobe. Watu walimwita Mama Daktari. Alikuwa na kituo chenye madaktari watatu na pikipiki tatu, na wafugaji wa milima yote ile walimpigia yeye ng'ombe wao wanapougua.

Shida ilikuwa simu. Kituo kizima kilikuwa na simu moja ya mkononi, juu ya meza ya mapokezi. Mmoja akipiga, mwingine anaambiwa inatumika. Mwingine akipiga, wa tatu anaambiwa inatumika. Siku moja mfugaji alipiga mara kumi na moja, na alipopokelewa alisema maneno machache tu: "Msije tena. Ameshakufa."

Mama Daktari aliyasikia maneno yale kwa masikio yake. Kesho yake akasema, "Basi. Nataka simu ambayo watu kumi wakipiga, kumi wanapokelewa." Akawaita watu wawili wa kituo waliojua mambo hayo.

Wa kwanza alikuwa Ambakisye, fundi wa kituo, mtu mzima, mpole, asiyetoka bila bisibisi mfukoni. Alisema, "Mama, tununue mtambo wetu wenyewe. Ni sanduku tu. Nitalifunga hapa hapa stoo, na laini zake na betri yake. Unalinunua mara moja, ni lako. Likiharibika nalifungua mwenyewe. Hutamwomba mtu wa mbali ruhusa ya kusema halo."

Wa pili alikuwa Tusajigwe, mama wa watoto wawili, aliyesomea kompyuta Mbeya. Alisema, "Mama, usinunue sanduku. Siku hizi mtambo wa simu unakaa kwenye wingu."

"Wingu lipi?" Mama Daktari aliuliza, akachungulia dirishani, maana Tukuyu mawingu hayajawahi kupungua.

Tusajigwe akacheka. "Ni jina tu, Mama. Ni kompyuta kubwa za kampuni, ziko mbali huko, zinafanya kazi ya sanduku kupitia intaneti. Tunalipia kila mwezi. Mtu akipiga, simu inamtafuta daktari popote alipo. Ofisini hayupo? Inamfuata njiani. Hata ofisi ikifungwa, namba iko hai."

"Na intaneti ikikatika?" akauliza Ambakisye.

"Na stoo yako ikiingia maji?" akauliza Tusajigwe.

Walibishana hivyo asubuhi nzima, kwa heshima, huku wakimiminiana chai. Mwishowe Mama Daktari akasema, "Tuzijaribu zote mbili masika haya. Namba inayoishia na arobaini iende kwenye sanduku la Ambakisye. Namba inayoishia na hamsini iende kwenye wingu la Tusajigwe. Masika yakiisha itabaki moja. Mbili siwezi kuzilipia."

Namba zikatangazwa kanisani, zikatangazwa sokoni, zikaandikwa ukutani kila mahali maziwa yanapokusanywa.

Mtu wa tatu hakuulizwa. Huyu alikuwa Ndimyake, mpokea simu, mwanamke aliyekaa kwenye meza ile miaka kumi na sita. Yeye aliwekewa simu mbili badala ya moja, akasema asante, akaendelea kupokea.

Kabla mvua hazijakaza, Tusajigwe alipita stoo akaliona sanduku liko sakafuni. "Kaka Ambakisye, lipandishe juu ya rafu."

"Nitalipandisha wiki ijayo."

Naye Ambakisye akamwambia, "Dada, na wewe tafuta intaneti ya akiba, ya kampuni nyingine."

"Nitaitafuta wiki ijayo."

Wiki ijayo ikaja, ikapita. Nyingine ikaja, ikapita. Kila mmoja alikuwa na kazi zake.

Sasa sikilizeni. Ng'ambo ya mto, kwenye mteremko wa migomba, aliishi Bibi Sekela, mjane wa miaka sabini, na wajukuu zake watatu. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Faraja. Maziwa ya Faraja yaliwalisha wale watoto, yaliwavisha, yaliwapeleka shule. Jumatano moja ya Aprili, mvua ikimwagika tangu alfajiri, Faraja akashikwa na uchungu wa kuzaa. Ikafika saa mbili asubuhi, umetoka mguu mmoja tu wa ndama. Wa pili haukuonekana. Faraja akalala chini, akanyoosha shingo.

Wakaja majirani wawili, wanaume wenye nguvu, wakiwa na kamba. "Bibi, tumvute."

"Ngojeni nimpigie daktari," alisema Bibi Sekela.

Akapiga hamsini. Kimya. Akapiga hamsini tena. Kimya. Hakujua kwamba mti ulikuwa umeangukia nguzo pembeni mwa mji, na intaneti ya mji wote ilikuwa imekatika, ya ofisini na ya mikononi. Wingu lilikuwa hai huko liliko, lakini halikuwa na njia ya kumfikia mtu.

Akapiga arobaini. Sanduku la Ambakisye lilikuwa na laini zake na betri yake. Likaita.

"Kituo cha mifugo, halo."

"Mwanangu, anakufa! Mguu mmoja umetoka, wa pili siuoni, hawa wanataka kumvuta kwa kamba!"

Ndimyake hakuuliza nani mwenzangu. "Bibi Sekela! Ni Faraja huyo?"

"Ndiye!"

"Waache kamba. Unanisikia, Bibi? Wasivute! Mguu wa pili umekunjika huko ndani. Wakivuta watamchana mama na kumuua mtoto. Waambie waweke kamba chini. Daktari anakuja."

Ndimyake hakuwa daktari. Lakini kwa miaka kumi na sita alikuwa amewasikia madaktari wakisema maneno hayo, na aliyashika.

"Wekeni kamba chini," Bibi Sekela aliwaambia wale wanaume. Simu yake ikazima mkononi, chaji imekwisha.

Ndimyake akampigia Daktari Lwitiko, aliyekuwa karibu zaidi na upande ule. Lwitiko akawasha pikipiki. Akaenda, akateleza, akainuka, akaenda. Alipofika mtoni, akakuta daraja la mbao halipo. Maji mekundu yalikuwa yakipita pale liliposimama jana. Ng'ambo aliliona paa la nyumba ya Bibi Sekela. Kuvuka hakuweza.

Akapiga arobaini kuuliza afanyeje. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

Maana huku mjini maji ya mlimani yalikuwa yameingia stoo. Ambakisye alikimbia kuliokoa sanduku lake, akalikuta limezama. Alilibeba akatoka nalo nje likichuruzika, uso wake mtu asingetamani kuutazama. Ukuta wa nyuma nao ukapasuka, na Mama Daktari akawaamuru wote watoke ofisini, Ndimyake akiwa wa mwisho. Meza ya mapokezi ikabaki na simu mbili na kiti kitupu.

Bibi Sekela alingoja saa nzima. Daktari haji. Faraja alikuwa akipumua kwa shida.

"Bibi, tuvute tu," alisema jirani mmoja. "Huyu anakwisha."

"Nimeambiwa msivute."

"Aliyekuambia yuko wapi?"

Bibi Sekela alinyoosha mkono. "Nipe simu yako."

Akapiga arobaini, aliyoikariri. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Akapiga hamsini.

Ikaita.

Mafundi walikuwa wameunganisha intaneti muda si mrefu. Wingu likapeleka simu ofisini, halikukuta mtu. Likampelekea daktari wa kwanza, naye hakupokea, mikono yake ilikuwa ndani ya ng'ombe mwingine. Likampelekea wa pili, akiwa amesimama kwenye matope kando ya mto.

"Lwitiko hapa."

"Daktari, uko wapi?"

"Niko mtoni, Bibi. Daraja limekwenda. Naliona paa lako, kuvuka siwezi."

Bibi Sekela akamtazama ng'ombe wake. "Basi Faraja wangu amekwisha."

"Bado. Una sabuni?"

"Ninayo."

"Una mkono?"

Bibi Sekela akajikuta anacheka katikati ya machozi. "Ninao."

"Basi tunaye daktari huko. Mpe jirani ashike simu, afungue sauti kubwa. Nawa mpaka kwapani. Jipake sabuni nyingi. Akisukuma, ngoja. Akipumzika, ingiza mkono."

Akanawa. Akajipaka. Akangoja. Akaingiza.

"Msukume ndama arudi nyuma kidogo. Fuata shingo. Shuka begani. Umelifikia goti?"

"Nimelifikia."

"Lipandishe juu. Sasa shuka ukamate ukwato, uufunike wote kwa kiganja, usimchane mama yake. Ulete mbele."

"Umeteleza."

"Rudia."

"Umeteleza tena."

"Rudia, Bibi."

Mvua ilipiga bati la banda. Kisha Bibi Sekela akasema kwa sauti ndogo, "Umekuja. Yote miwili iko hapa, na pua iko juu yake."

"Sasa ndiyo wavute. Taratibu, na pale tu anaposukuma mwenyewe."

Wakavuta. Wakangoja. Wakavuta. Ndama akateremka kwenye majani makavu, akalala kama nguo iliyoloa.

"Hapumui, Daktari!"

"Mfute pua. Chukua jani kavu umchokonoe puani."

Bibi Sekela akachokonoa. Hakuna kitu. Akachokonoa tena. Ndama akapiga chafya. Chafya ile ilisikika mpaka ng'ambo ya mto, ndani ya simu, na Daktari Lwitiko akakaa palepale kwenye matope, akicheka peke yake. Faraja akageuza shingo, akaanza kumlamba mtoto wake. Ndama alikuwa jike.

Masika yakaisha. Ukuta ukajengwa. Ambakisye alilikausha sanduku sehemu moja moja kwa wiki mbili, likapona, akalipandisha juu kabisa karibu na dari. Tusajigwe akaleta intaneti ya akiba, ya kampuni nyingine. Sasa hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake.

Ndipo Bibi Sekela alipotokea kituoni na mtamba wake kwenye kamba, yule ndama wa siku ya mvua, amenawiri, manyoya yanang'aa. Wakamwamkia, wakampa kiti, wakamletea maziwa ya mgando na ndizi za kuchoma.

"Faraja ana afya, atazaa mwingine," alisema. "Huyu nimemleta awe wa aliyeniokolea ng'ombe. Lakini nampa mtu mmoja, simpi ofisi. Ofisi haijui kukama. Niambieni, ni nani?"

Wote wakamtazama Daktari Lwitiko. Yeye akatikisa kichwa. "Mimi ningekuwa bado nimesimama mtoni nikitazama paa. Nilichosema ni kazi niliyoisomea. Nitoeni."

Mama Daktari akasema, "Basi ni mmoja kati ya hawa watatu, Ambakisye, Tusajigwe na Ndimyake. Na leo ndiyo siku ya kuchagua simu. Atakayepata mtamba, simu yake ndiyo itakayobaki."

Ambakisye akasimama. "Mama, mvua iliponyesha, nani alipokea? Mji wote ulikuwa bubu, sanduku langu likasema halo. Kama lisingesema, kamba ingevutwa saa mbili, na saa tatu wingu lingepokea habari za msiba. Ni kweli lilizama, na kosa ni langu, nilisema wiki ijayo. Lakini lilizama likiwa limeshafanya kazi yake."

Tusajigwe akasimama. "Kaka anasema kweli. Lakini neno la kutovuta halikumzalisha Faraja. Lilimngojesha tu. Ofisi ilikuwa tupu, ukuta umepasuka, na namba yangu ikapita mlango kwa mlango mpaka ikampata daktari kwenye matope. Kosa langu nalijua, na mimi nilisema wiki ijayo. Ila bila wingu, Bibi angekaa na ng'ombe anayekufa na kamba ambayo hairuhusiwi."

Ndimyake alikuwa akimpa mtamba ganda la ndizi. Hakusimama.

"Na wewe sema," Bibi Sekela alimwambia. "Sauti yako ndiyo niliyoisikia kwanza."

"Niseme nini, Bibi? Simu zote mbili ni nzuri, napenda kuzipokea. Ila sanduku halikujua kwamba huyu ni Sekela wa ng'ambo ya mto. Wingu nalo halikujua kwamba kamba inaua. Hayo nilikuwa nayo mimi, na sikuyanunua dukani wala siyalipii kila mwezi. Ukinipa mtamba nitashukuru. Lakini simu ya kubaki sijui, Mama atachagua mwenyewe."

"Hapo umenirudishia mzigo wangu," Mama Daktari alisema, na watu wakacheka, hata Ambakisye, hata Tusajigwe.

Bibi Sekela naye akacheka, akafungua kamba kwenye mguu wa kiti, akaishika mkononi. Akamtazama Ambakisye. Akamtazama Tusajigwe. Akamtazama Ndimyake. Mtamba akawa anavuta kuelekea kwenye majani ya uani, na bibi bado ameshika.

Mimi nimewafikisha hapo, na kamba nawaachia ninyi. Mmoja alimfikishia Bibi neno kwa wakati, mmoja alimletea daktari mahali pasipofikika, mmoja aliitambua sauti na kulijua neno la kusema. Semeni basi, tuwasikie: nani alistahili mtamba wa Bibi Sekela, na ni simu ipi ibaki pale Tukuyu?