Fremu ya Kona, Mtaa wa Vikapu

Sogeeni. Wewe uliye karibu na mlango, urudishe. Kabla sijafungua mdomo, apeni: hili halitoki humu ndani. Sio kwa mumeo, sio kwa mama mkwe, na sio kwa yule shoga yako wa saluni, maana yule ukimwambia asubuhi, mchana linakurudia limeota mikia. Hahaa! Mmeapa? Na watoto pia? Haya.

Huko Tanga kuna mtaa wanauita Mtaa wa Vikapu. Wanauza vikapu, mikeka, kofia za kushona kwa mkono. Vitu vizuri, lakini wanunuzi wao kwa wao: leo wewe kwangu, kesho mimi kwako. Na humo mtaani wapo watu watatu, kila mmoja Mungu kampa chake. Nasra mpiga picha, huyo hata mwenye jino bovu atamtoa anacheka. Shekiondo mchora mabango, akichora mshale, kuku anaufuata. Na Bi Tumu muuza kahawa, ana sauti, ukiisikia unakaa hata kama ulikuwa unakimbilia gari.

Sasa wenye maduka wakatengeneza tovuti, ule ukurasa wa mtandaoni, wageni wa mbali wawajue. Wee! Sikieni walichofanya. Siku ya picha kila mtu kavaa koti la harusi, kasimama wima, kakunja uso kama wa kitambulisho. Ukifungua ukurasa, unapokewa na safu ya watu wamekukasirikia, na wala hujawakosea! Njia ya kufika wakaandika hivi: "Shuka palipokuwa na sinema, pita kwa marehemu Mzee Mhando, kata kushoto ilipokuwa pampu ya mafuta." Sinema ishabomolewa, mzee yuko kaburini, pampu haipo. Saa za kazi? "Tupo wakati wote." Na Ijumaa mchana mtaa mzima umefungwa, watu msikitini!

Mgeni hata mmoja hakuja. Mtu mmoja tu aliwaandikia: "Jamani, mtaa huu bado upo?"

Bi Riziki ana fremu, kile kijichumba cha duka, pale kona mtu anapoingilia mtaani. Akasema mbele ya wote, "Atakayeniletea wageni, fremu hii aichukue afanyie kazi yake. Kodi sitaki, mpaka nife."

"Usife haraka, bibi!" wakampigia kelele.

"Nife vipi, nami nangoja wageni?"

Msicheke sana, ile fremu wale watatu waliitamani kweli. Nasra anapigia picha sebuleni kwa shemeji yake, na shemeji kila siku anapima ukuta, ati anataka kuweka kabati. Shekiondo anachora nje, mvua ikinyesha kazi yote inateremka mtaroni. Bi Tumu anabeba jiko lake kichwani kwenda na kurudi, na magoti yale, mwenzangu, yanalia kama bawaba.

Nasra akaanza. Zile picha za kununa akazifuta zote. Akapita madukani bila taarifa, akamnasa Mzee Kigoda anagombana na mkewe nani kati yao kasuka upande wa kikapu uliopinda, wote wawili hoi kwa kicheko.

"Wewe binti, mbona hukuniambia nivae koti?"

"Ningekuambia ungenuna, babu."

Shekiondo naye akasema, "Marehemu tumwache apumzike, tusimpe kazi ya kuelekeza watu." Akaomba kila mwenye ukuta, akachora vikapu vya bluu toka stendi mpaka kona. Kwenye ukurasa akaweka mchoro uleule: shuka stendi, fuata vikapu vya bluu.

Bi Tumu yeye kaweka sauti humo ukurasani, unabonyeza unamsikia: "Karibuni wanangu. Mkiuliza bei tutataja kubwa, msikimbie, ndivyo tunavyosalimiana. Nanyi tajeni ndogo, tucheke. Na mkitukuta tumefunga Ijumaa mchana, hatujawafukuza, tumekwenda kuswali. Kaeni barazani, tunakuja."

Hazikupita siku nyingi, likaja gari la kina mama kutoka Bujumbura, wanatafuta vikapu vya kwenda kuuza kwao. Na siku yenyewe? Ijumaa! Adhuhuri! Milango yote kimya.

Dereva akasema, "Mama, hapa pamekufa. Tugeuze."

Mkubwa wao, Mama Odette, akamwambia, "Zima gari. Yule mama wa kwenye simu alisema wanakuja."

Wakakaa barazani. Watu wakatoka msikitini, wakawakuta wamejipanga kama wakwe. Ilipofika alasiri kuta za maduka ziko uchi, hakuna kikapu kilichobaki kinaning'inia.

Bi Riziki akauliza, "Nani kawaleta, wanangu?"

Mama Odette akacheka. "Kilichonitoa kwangu ni yule mzee anayecheka na mkewe. Dereva hajui Tanga, kafuata vikapu vya bluu. Na tulipokuta pamefungwa, ile sauti ndiyo ilitukalisha."

Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Bila hamu, nani angepanda gari?" Nasra huyo.

"Na hamu yako wangeishia nayo stendi," Shekiondo akamjibu.

"Nyinyi mliwafikisha kwenye makufuli," akasema Bi Tumu. "Aliyewashika nani?"

Mtasema wagawane. Wagawane vipi? Moshi wa jiko utaharibu picha, harufu ya rangi itaharibu kahawa, na fremu yenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Na linaloniuma mimi ni hili: watu hawa kila asubuhi walikuwa wanakunywa kahawa benchi moja. Siku hizi Nasra anapitia uchochoro wa nyuma, na Shekiondo anajipikia chai. Wageni wanazidi kuja, na waliowaleta hawasalimiani.

Haya, semeni nyinyi, na watoto mseme. Aliyetia hamu, aliyeonyesha njia, aliyewafanya wangoje. Ufunguo ungekuwa wako, ungeuweka kwenye kiganja cha nani?

Semeni vizuri, na semeni taratibu. Maana aliyenihadithia haya ni Bi Riziki mwenyewe, jana, analia, na mpaka sasa hajampa mtu.