Mawe Yaliyomuua Mishi

Sogeeni, nipeni masikio yenu. Nyamvula mfinyanzi alikosa usingizi kila alipomwona jirani yake Mishi akirudi kutoka sokoni na tenga tupu, vyungu vyote vimenunuliwa. Siku moja akapiga kelele sokoni, "Mchawi huyo!" Watu wakaokota mawe, kila mmoja akatupa lake, Mishi akafa.

Zimwi lililokuwa kadhi wa nchi ile likauliza mara tatu, "Nani kaua?"

Mara tatu wakajibu, "Si mimi, ni wote."

Zimwi likapiga makofi. Kila jiwe likaruka, likaganda kiganjani mwa aliyelitupa.

Nyamvula akaonyesha mikono mitupu. "Mimi sikutupa, bwana kadhi."

Papo hapo likamtoka kinywani jiwe kubwa kuliko yote. Kila mtu akahukumiwa kwa uzito wa jiwe lake, na Nyamvula akabaki akiwaonea wivu wenye kokoto. Nami niliwaacha hapo.