Aliyeambiwa Penye Kelele

Aliyeambiwa penye kelele hakuambiwa.

Asubuhi ya leo baba yenu alitumwa chumvi huku redio ikitangaza mpira. Akarudi mikono mitupu, akajitetea kwa methali hiyo, nanyi mkacheka wote. Sasa mmenijia mkiuliza ilitoka wapi. Nitawaambia, lakini mjue mapema kwamba ilikotoka hakuna aliyecheka. Chimbuko lake ni hili.

Nilipokuwa msichana, kabla sijaolewa, kijijini kwetu Usukumani kulikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Wakulima walileta pamba yao kwa magari na kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mashine zilitenganisha mbegu na nyuzi, kisha nyuzi zikashindiliwa na kufungwa marobota. Sisi wanawake tulikaa uwanjani tukiondoa pamba yenye madoa. Wanaume walifanya kazi ndani, chini ya paa la bati, ambako mashine zilipangwa safu nzima.

Jamani, kelele ya mle ndani! Ungeweza kumwita mtu sikioni kwa nguvu zako zote, naye akaona tu mdomo wako unacheza. Waliongea kwa mikono. Na waliokaa humo miaka mingi, hata wakirudi nyumbani, walisalimu watu kwa sauti kubwa kama wanaomwita mtu ng'ambo ya mto.

Mmoja wao aliitwa Luhende. Kazi yake ilikuwa kukanyaga pamba. Nyuzi zilimiminwa katika sanduku la mbao lenye kina cha kumpita mtu, naye akashuka humo na kuzikanyaga mpaka zikashikana. Alipotoka, wenzake walizungusha chuma cha kushindilia kwa mikono. Luhende alikuwa mcheza ngoma hodari, na hata mle sandukuni alikanyaga kwa mwendo wa ngoma, mabega yakienda pamoja na miguu. Mkewe, Mbuke, alikuwa mwenzetu uwanjani. Walikuwa na watoto wawili.

Msimu mmoja sanduku la mbao liliondolewa, ikafungwa mashine mpya ya chuma. Hiyo haikutaka mtu wa kukanyaga. Sanduku lake likijaa, bamba zito lilishuka lenyewe kutoka juu na kushindilia pamba. Luhende aliwekwa hapohapo, aangalie nyuzi zinavyoingia. Fundi aliyekuja kuifunga alimwita nyapara wa kiwanda, Bwana Shigela, akamwonya: "Mtu yeyote asitie hata mguu humu kabla mashine haijazimwa. Pamba ikilundikana upande mmoja, zimeni kwanza, ndipo muisawazishe." Akasema hayo, akaenda zake.

Shigela hakuwa mtu mbaya. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja kuomba mashine zizimwe kidogo, awakusanye watu uwanjani na kuwaeleza. Meneja alimwonyesha dirishani magari ya pamba yaliyojipanga hadi barabarani.

"Unayaona hayo? Waambie wakiwa kazini. Wana masikio."

Basi akawaambia wakiwa kazini. Alisimama kando ya mashine mpya, akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akanyoosha kidole kwenye sanduku na kupunga mkono. Wanaume walimtazama. Alipomaliza, aliwauliza kama wamemwelewa. Swali lenyewe hawakulisikia. Waliona tu amenyamaza anawakodolea macho, wakajua kuna jambo wanaulizwa, wakaitikia kwa vichwa.

Mtajiuliza kwa nini hakuna aliyesema, "Sikusikia." Msimu uliotangulia, mpakiaji mmoja wa makamo alikiri kwamba masikio yake yameanza kuziba. Aliambiwa akapumzike nyumbani, na hakuitwa tena. Tangu siku hiyo kila mtu kiwandani akawa anasikia kila kitu.

Jioni ile Mbuke alimwuliza mumewe, "Nimemwona nyapara amewasimamia. Alikuwa anawaambia nini?"

"Habari za mashine mpya," Luhende alisema. "Nadhani anataka tuongeze kasi."

"Unadhani? Si ungemwuliza?"

"Nimwulize nyapara mbele ya watu, anione kiziwi? Unataka nami nikapumzike nyumbani?"

Baadaye Mbuke alituambia kwamba lile swali lilimbaki mdomoni, asijue alipeleke wapi.

Haukupita muda mrefu. Adhuhuri moja nyuzi zililundikana upande mmoja wa sanduku, upande wa pili ukabaki na shimo. Luhende aliona, na akafanya alichokifanya maisha yake yote ya kazi. Alivua viatu vyake, akaviweka vizuri pembeni, akashuka kusawazisha pamba kwa miguu. Upande uliojaa ulikuwa umeshaiamsha mashine. Bamba likashuka.

Alipiga ukelele, bila shaka alipiga. Gwisu, aliyekuwa akifanya kazi naye, alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameinama akinyoosha waya wa kufungia marobota. Hakusikia kitu. Alipogeuka aliona viatu, mwenye viatu hayupo. Sisi uwanjani tulijua pale mashine zilipozimwa moja baada ya moja, ukimya ukatanda, na mwanamume mmoja akatoka nje ameshika kichwa. Mbuke alisimama kabla hajaambiwa kitu.

Sitawaeleza walivyomtoa.

Baada ya mazishi meneja aliamuru mashine zote zizimwe, akatukusanya uwanjani, wanaume kwa wanawake. Alisema anataka kila mtu asikie vizuri. Mbuke aliitwa naye, akaja na nguo zake za msiba, akaketi chini kati yetu.

"Shigela," meneja alianza, "uliwaonya watu hawa kuhusu mashine, au hukuwaonya?"

"Niliwaonya, mzee."

"Na nyinyi, aliwaonya?"

Wanaume walitazama chini. Mwisho Gwisu akasema, "Tulimwona akisema, mzee."

"Basi. Marehemu alionywa, akakaidi. Inasikitisha, lakini wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mbuke akasimama. Nilimshika nguo nimzuie, akautoa mkono wangu taratibu.

"Naomba kuuliza, baba."

"Uliza, mama. Na pole sana."

"Bwana Shigela, ulipokuwa ukimwonya mume wangu, mashine zilikuwa zimezimwa kama leo?"

Shigela alimtazama meneja. Meneja alikuwa anatazama magari. "Zilikuwa zinakwenda, shemeji."

"Gwisu, wewe ulisimama ubavuni mwake. Nyapara alisema nini?"

Gwisu akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani anatukataza kuvuta sigara karibu na pamba."

"Mimi nilijua anatugombeza kwa kuchelewa," mwingine alisema.

"Mimi niliona kidole tu," akasema wa tatu.

Mbuke alimgeukia meneja. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Mmewasikia, baba. Mkaidi ni yule aliyesikia akakataa. Mume wangu hakukataa. Mtu akimwita kwa ishara hakuwahi kukawia kuitika, sembuse kwa maneno. Mnasema aliambiwa. Aliyeambiwa penye kelele hakuambiwa."

Shigela alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Sote tulingoja aseme kwamba aliomba mashine zizimwe akakataliwa, maana karani wa meneja alishatunong'oneza. Hakusema.

"Tumekusikia, mama," meneja alisema. Halafu akageuka, "Washeni."

Zikawashwa.

Yaliyobaki ni machache, na hayana faraja. Kauli iliyotoka kiwandani ilikuwa ileile: alionywa, akakaidi. Kauli kama hiyo haikai ofisini. Ilifika sokoni, ikafika kisimani, ikafika shuleni, na watoto wa Luhende wakaitwa watoto wa mkaidi. Yule mkubwa alirudi nyumbani siku moja akamwuliza mama yake, "Baba alikatazwa kweli?" Mbuke alimweleza yote tangu mwanzo, na mtoto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Lakini alikatazwa?"

Mbuke alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaomba wanaume waende pamoja kwa meneja, waseme kwamba hawakusikia. Walimkaribisha, wakampa kiti, wakakubali kwamba anasema kweli. Hakwenda hata mmoja. Anayesema hakusikia anajitaja kuwa kiziwi, na msimu ulikuwa haujaisha.

Jioni moja Shigela alifika kwake. Nilikuwepo, namsaidia kutwanga. Alikataa kiti.

"Shemeji, ulisema haki. Siku ile hata mimi sikujisikia."

"Basi kasemee uwanjani, watoto wangu wasikie baba yao akitakaswa."

"Na mimi nina watoto, shemeji."

"Najua," Mbuke alimjibu. "Nenda salama."

Wiki iliyofuata Shigela aliagizwa arudie onyo kuhusu mashine ile. Tulimwona kupitia mlangoni. Magari yalikuwa bado yamejipanga, kwa hiyo mashine hazikuzimwa. Alisimama palepale, akapaza sauti, akanyoosha kidole. Wanaume walimtazama. Alipomaliza akawauliza kama wamemwelewa, na Gwisu, ambaye siku ile alisema mbele ya wote kwamba hakusikia, aliitikia kwa kichwa kabla ya wenzake.

Mbuke alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Alimwaga pamba iliyokuwa pajani, akajifunga kanga, akaondoka. Alirudi kwa wazazi wake na wanawe, akalima mashamba ya watu mpaka mgongo ukapinda. Amekufa akiwa mjane wa mkaidi. Hakuna aliyewahi kuifuta kauli ile.

Neno lake ndilo lililobaki, nalo lilibaki kwa sababu siku aliyolisema mashine zilikuwa zimezimwa na kila mtu alilisikia. Madereva walilichukua kwenye magari yao, wafanyabiashara wakaenda nalo, likafika mpaka huku ambako watu hawajui pamba wala Luhende, likawa la kutetea chumvi. Lichekeeni mkitaka. Lakini mkija kuwa na watu chini yenu, mkawa na jambo la kuwaambia ambalo ni uhai wao, zimeni kwanza, kisha mwulizeni kila mmoja amesikia nini. Msitazame vichwa. Aliyeambiwa penye kelele hakuambiwa.