Matanga ya Nyumba ya Mbaruku

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Vyema. Mimi sikuapa, na habari tamu kama hii nikikaa nayo itanivimbisha tumbo.

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe, alikuwako fukara aitwaye Mbaruku, asiye na kitu ila nyumba kuukuu aliyoachiwa na bibi yake. Siku hizo nyumba za kale zilikuwa zikianguka moja baada ya moja, na kila ilipoanguka moja, Waziri Nasibu akajenga hapo ghorofa jipya, refu, baya kama kabati. Ikawa ukuta wa Mbaruku nao ukaanza kudondosha mawe.

Basi akaitwa mbele ya Sultani, na Waziri akasema, "Maulana, nyumba ya huyu imekufa. Itawaangukia watu."

"Ewe Mbaruku," akasema Sultani, "maadamu imekufa, iondoe kesho, ama nitakuondoa wewe."

Mbaruku akaona ataikosa nyumba, naye hana pengine pa kulala. Akainama. "Imekufa, Maulana? Poleni nyote! Basi yanipasa kuiwekea matanga kama wafu wengine, nawe hukosi msiba wa raia wako."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Nitakuja."

Kesho yake mji mzima ukajaa pale. Nyumba imefunikwa shuka nyeupe, wanawake wanalia kwa kupokezana. Jirani yake, Bi Mwanaidi, akamnong'oneza mwenziwe, "Hata mume wangu hakuliliwa hivi, shoga."

"Kwani alistahili?"

"Aa, wapi!"

Sultani akaketi, na Waziri kando yake, mikono kaificha ndani ya joho, na joto lile!

Mbaruku akapaza sauti, "Jamani, inueni mikono, tumwombee marehemu."

Viganja vyote vikainuka, isipokuwa vya Waziri.

"Waziri, una kinyongo na maiti?" akauliza Sultani. "Inua!"

Akainua. Lo! Viganja vyekundu kwa hina, hata kucha, kama bibi harusi!

Kilio kikakatika, vigelegele vikapasuka.

"Maulana," akasema Mbaruku, "jana nilizijaza nyufa za ukuta wangu hina iliyokandwa kwa ndimu. Sasa atuambie mwenyewe, usiku alikuwa akimpapasa maiti wangu akitafuta nini?"

Sultani akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kumbe hakufa, alikuwa akiuawa! Basi, Waziri, mfufue kwa mikono hiyohiyo."

Na Waziri akabaki kasimama, mikono juu, hajui aiweke wapi.