Sauti ya Sifaeli

Wakubwa kwa wadogo, sogeeni mnisikilize, maana kisa hiki nitakifikisha mahali fulani nikiache. Kukimalizia ni kazi yenu.

Katika mji wa Mwanga, chini ya milima ya Upare, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Mama Mbonea. Mungu alimpa watoto watatu, na kila mmoja na kipaji chake. Mbonea, kifungua mimba, alipewa subira: angeweza kuchambua gunia la maharage punje kwa punje bila kuinua kichwa. Elinami, wa kati, alipewa mikono: kitu kikiharibika katika nyumba ile hakikulala kimeharibika. Sifaeli, kitinda mimba, alipewa sauti. Akikusimulia ugomvi wa sokoni, ungeapa kwamba na wewe ulikuwepo na umesukumwa.

Na palikuwa na Nakijwa, mchumba wa Sifaeli. Huyu alipewa kukumbuka. Neno likishamwingia sikioni lilikuwa limepata makazi.

Sifaeli alipata kazi Arusha kwa vijana wanaotengeneza magemu ya kompyuta. Walikuwa wakitengeneza gemu la safari ya milimani, naye akapewa kumsemea mzee mmoja mfuga nyuki aliyemo ndani yake. Kila akirudi nyumbani kwa likizo alikaa chumbani kwake mbele ya kompyuta yake, akikohoa kizee na kukwaruza koo, mama yake akicheka jikoni. Halafu homa ya uti wa mgongo ikamshika. Haikumpa hata juma. Alizikwa gemu halijatoka na mahari haijapelekwa.

Kwa sababu mahari haijapelekwa, siku ya mazishi Nakijwa alikaa nje kwenye turubai pamoja na wageni. Hakuna aliyemwita ndani kwenye mkeka wa wafiwa. Na matanga yalipomalizwa, vitu vya marehemu viligawanywa: mashati kwa binamu, viatu kwa mjomba, saa ya mkononi kwa Elinami. Kompyuta ndiyo iliyobaki. Mama Mbonea aliifunika kanga, akasema mdomo wake umekataa kumtaja wa kumpa.

Miezi ikapita. Siku moja simu ya mama ikatumbukia kwenye beseni la nguo, nayo ikafa na jumbe zote za sauti ambazo mwanawe alikuwa amemtumia. Hapo ndipo alipoanza kukonda.

"Mbonea," alimwambia binti yake, "sura yake ninayo ukutani. Sauti ndiyo inanitoka. Jana nilimtafuta kichwani, nikasikia sauti ya Elinami."

Elinami alikuwa mlangoni. Alilisikia neno hilo, akarudi nyuma kimya.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka Arusha. Wenzake Sifaeli waliandika kwamba gemu limetoka, na kwamba wamemwekea nakala yake, zawadi kwa familia. Itafunguka kwenye kompyuta yake ile na si nyingine. Kilichobaki ni kuipakua tu.

Mama Mbonea aliivua kompyuta ile kanga, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Ilikuwa Jumamosi, na Nakijwa naye alikuwa amepita kumsalimu, kama alivyozoea kabla ya kwenda kazini kwenye duka la dawa. Mama akawatazama wote watatu.

"Atakayenisikilizisha mwanangu," alisema, "kompyuta hii ni yake. Nimesema mbele ya picha yake."

Nakijwa akaaga, akaenda zake kazini. Elinami akabonyeza pa kupakua. Gemu lilikuwa kubwa mno. Kioo kikaandika muda uliobaki, naye Elinami akasoma mara mbili: wiki mbili.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inasema tusubiri kidogo, mama."

"Basi nasubiri." Na kweli hakuinuka. Mbonea alimletea makande, akayaweka kwenye kigoda, yakapoa pale pale.

Elinami ndiye aliyeanza. Ruta ya intaneti ilikaa sebuleni, nyuma ya kabati la vyombo, na chumba cha Sifaeli kilikuwa upande wa pili, ng'ambo ya jiko, na nyumba ile kuta zake ni za mawe. Waifai ilifika kule imekwisha nguvu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani. Elinami akachukua waya mrefu wa intaneti, akapanda darini. Alitambaa kwenye vumbi na mavi ya popo, akatoboa ukuta, msumari ukampasua kiganja, akafunga kitambaa akaendelea. Alipochomeka waya nyuma ya kompyuta, wiki mbili zikawa wiki moja. Mama alimwangalia mkono, akasema, "Pole, mwanangu." Wiki moja bado ilikuwa nyingi.

Mbonea akavuta stuli. Hakuwa fundi, lakini alikuwa na macho yasiyochoka, akaanza kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo kile, hata kwenye pembe ambazo watu hawaziangalii. Akagundua kwamba kompyuta, kwa kuwa ililala miezi, ilikuwa imeamka na njaa: inajisasisha yenyewe kimyakimya, na huku inapandisha mapicha ya zamani mtandaoni. Akavisimamisha kimoja kimoja, akihakikisha kwanza kwamba hafuti kitu cha mdogo wake. Kisha akaizunguka nyumba. Televisheni ya sebuleni ilikuwa inaimbisha kwaya za mtandaoni bila mtazamaji, akaizima. Wapangaji wawili wa chumba cha uani walikuwa wanatazama mpira kwa intaneti ile ile. Akawaomba kwa upole, nao wakakubali. Aliporudi, wiki moja imekuwa siku nne.

Siku nne, na hapo pakagoma. Elinami aliwapigia wenye intaneti, wakamjibu kwamba laini yao ni nzima. Akaizima ruta akaiwasha. Akabadilisha waya. Kasi haikupanda, wala haikushuka. Ilikuwa pale pale, kama bomba ambalo mtu amelifunga nusu.

"Tumwite Nakijwa," Mbonea akasema.

"Wa nini?"

"Alikuwa anakaa naye hapa. Wewe ulikuwa unakaa naye?"

Elinami akatoa simu, akampigia.

Nakijwa alikuja na koti lake jeupe la dukani. Aliitazama ile kasi isiyocheza, akafumba macho kidogo. "Sifaeli aliwahi kuniambia amejifungia bomba," alisema. "Nilidhani ni utani. Alinionyesha na mahali." Akashika kipanya, akaingia kwenye mipangilio ya programu inayopakua magemu, akapita ukurasa baada ya ukurasa bila kusita, mpaka akafika. Palikuwa na alama ndogo ya tiki: kasi ya kupakua iwekewe kikomo.

"Sasa kwa nini ajifanyie hivyo?" Elinami aliuliza. "Mtu ajipunguzie mwenyewe?"

Nakijwa hakuondoa macho kwenye kioo. "Shemeji, niache nisiseme."

"Sema tu."

"Siku ile ulipomfokea. Ulimwambia magemu yake yanakunyonyea intaneti na wewe una ramani za nyumba za wateja za kutuma. Ulipotoka akaja hapa akaweka hiki. Akasema, 'Kaka anatafuta riziki. Mimi nitasubiri.'"

Elinami aliikumbuka siku ile. Alikuwa na mteja mkali kwenye simu na mchoro uliokataa kwenda. Alisimama mlangoni pa chumba hiki hiki akapaza sauti: kazi gani hii ya kukohoakohoa mbele ya kompyuta, mtu mzima mwenye ndevu? Sifaeli alivua vile visikilizio masikioni akasema, "Nimekusikia, kaka." Basi. Tangu siku ile intaneti haikumsumbua tena Elinami, naye akajipongeza kwamba makaripio yake yamefanya kazi. Hata siku moja hakuuliza imekuwaje. Na Sifaeli, mwenye maneno ya kuujaza uwanja, hakumwambia.

Sasa alitamani mtu amfokee yeye. Alitoka nje, akasimama kwenye karo, akafungua maji akayaacha yakimwagika kwenye kiganja chake kilichopasuka. Alijaribu kuukumbuka uso wa mdogo wake siku ile, kama ulikunjamana au ulitabasamu, akaona hakumbuki, kwa sababu hakuutazama.

Ndani, Nakijwa aliiondoa ile tiki. Siku nne zikawa saa moja na ushei.

Jua lilikuwa bado juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu gemu lilipofunguka. Mbonea alimwita Elinami, naye akaja akasimama nyuma kabisa. Ukungu ukatanda kwenye kioo, kisha milima, kisha njia nyembamba inayopanda kwenye mizinga. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani akageuka.

"Karibu, mgeni wangu," alisema, na ilikuwa yeye, chini ya ule ukwaruzi wa kizee ilikuwa yeye mwenyewe. "Pita polepole. Nyuki hawapendi mtu mwenye haraka. Umekula?"

"Nimekula, baba," Mama Mbonea alijibu, na makande yake yako pale kwenye kigoda hayajaguswa. Akacheka. Kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, na Mbonea akamshika mabega. Walimsikiliza mzee yule tena na tena. Alimwita mgeni wake aje karibu na moto. Alimwambia asali ya juu ya mlima ni chungu kidogo, lakini ndiyo dawa.

Kisa kingeishia hapo, wangekuwa watu wenye heri. Lakini mama alijifuta machozi, akasema, "Sasa ahadi yangu."

Hakuna aliyeitaka kompyuta ile kwa thamani yake. Laiti ingekuwa hivyo, wangeigawa kirahisi.

Mbonea alisema kwanza. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, mama. Ulipokwenda shamba alilala kwangu. Na leo, nisingevizima vile vyote, waya wa Elinami ungeleta nini? Ungeiletea kompyuta masasisho na wapangaji mpira."

"Na bila waya ungezima nini?" Elinami akasema. "Hata ungezima mji mzima, ukuta ungebaki ukuta." Kisha sauti ikamshuka. "Lakini siombi kwa ajili ya waya, dada. Naomba kwa sababu humo ndani kuna kitu alinifanyia, na mimi sikuwahi kumshukuru. Nikae nacho tu."

"Kwa hiyo aliyesababisha bomba lifungwe ndiye apewe bomba?" Mbonea akauliza.

Elinami aliinamisha kichwa. Kila mtu aliona kwamba hilo limemfika.

Nakijwa alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Mimi sidai," alisema. "Wenyewe mko hapa. Mimi sikupewa hata shati."

"Hukuolewa, mdogo wangu," Mbonea alisema. Hakusema kwa ubaya. Alitaka kueleza tu desturi ilivyo. Lakini neno lilipotoka aliona lilivyompata mwenzake, akaziba mdomo kwa mkono; na maji yakimwagika hayazoleki.

"Ni kweli," Nakijwa alisema taratibu. "Sikuolewa. Sina pete, sina mtoto, sina kaburi la kupalilia, maana la kwake ni lenu. Ninayo maneno yake tu, na leo nimewapa hata hayo."

"Kompyuta na ibaki ya nyumba nzima," Elinami akajaribu. "Kila mtu aje asikilize akitaka."

"Nyumba ipi?" mama akauliza. "Mwezi ujao mimi narudi Usangi, nyumba hii wanaingia wapangaji. Wewe unahamia Same, Mbonea anarudi kwake Tanga. Na mimi sikusema 'nyumba'. Nilisema 'atakayenisikilizisha'." Aliwatazama mmoja mmoja. "Niliahidi kwa uchungu, sikupima. Nisipotimiza, nimemdanganya marehemu. Nikitimiza, wawili watatoka hapa wakiwa na kovu, na mimi nimeshafiwa mara moja mwaka huu."

Nyuma yake yule mzee wa kwenye gemu, asiyejua lolote, alikuwa bado anangoja mgeni akaribie moto. Elinami alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Nisamehe, mdogo wangu." Mzee hakujibu. Hakuwa ameandikiwa jibu la neno hilo.

Mimi naishia hapo. Mama amesimama na ile kanga mkononi, na watatu wamesimama mbele yake. Mmoja alitoboa ukuta, naye ndiye aliyesababisha kikomo. Mmoja alisoma kila pembe na kumlea marehemu mgongoni, naye ndiye aliyetoa neno linalochoma. Mmoja alikumbuka, na desturi haimtambui. Ukimwondoa yeyote kati yao, mama yule asingemsikia mwanawe siku ile.

Haya, wenzangu, mko mahali pa mama: kompyuta ya Sifaeli mngemkabidhi nani? Na mkishamtaja, niambieni pia, wale wawili waliobaki mtawaambia nini?