Mwanashee na Jini wa Kisimani

Sogeeni, nami nisogee, hadithi ikae katikati yetu.

Zamani huko Siyu, Mwanashee alirithi udi, ala ya nyuzi ya marehemu baba yake, lakini jini wa kisimani akauchukua.

"Nitungie wimbo wako mwenyewe katika maqamu ya Saba, mpangilio wa sauti za huzuni," akasema, "nami nitakurudishia."

Mara ya kwanza Mwanashee aliimba wimbo aliofundishwa na baba.

"Huu ni wa baba yako," jini akasema.

Mara ya pili akatunga wake, lakini sauti zikapotea nje ya Saba.

"Huu hauna kwao."

Akarudi nyumbani amekata tamaa. Hapo akakumbuka baba alivyokuwa akimwita jioni aje kula, sauti ikipanda, ikisita, kisha ikishuka taratibu. Akaifuata sauti ile humo humo ndani ya Saba, na maneno yakaja yenyewe.

Mara ya tatu, alipomaliza kuimba, jini aliuliza:

"Ni nani huyu anayeita?"

"Baba."

Jini akamkabidhi udi wake. "Baba yangu hajaniita miaka mingi," akasema. "Imba tena, mwanangu."

Mwanashee akaimba tena. Mimi nilipopita pale walikuwa bado wameketi, nikawaacha.